Sheria za ugaidi na sisi wa mpakani: kwanza unafanywa mgeni, halafu ndo unafanywa gaidi

Wakuu habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo nauweka wote maana kesho alfajiri nina safari inayohusu jambo hilihili, nitaieleza huko mwisho. Naomba msome kwa utulivu kabla ya kunirukia.

Mjomba wangu anaishi kwenye vijiji vya kando ya mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, upande wetu huu wa Mtwara Vijijini, kijiji sitakitaja. Kwa wasiotujua, sisi Wamakonde ukoo unafuata mama, kwahiyo mjomba siyo ndugu wa kumtembelea sikukuu tu, yule ndo mzazi, ndo aliyesimamia jando langu na ndo aliyenipa nauli ya kwanza kuja mjini kusoma. Mzee ana miaka sitini na kitu, analima mpunga bondeni, msimu wa korosho anaokota korosho zake, katikati ya hapo anazungusha samaki wakavu kwa baiskeli. Hana chama, hana msikiti wala kanisa la kugombania uongozi, hana ugomvi na mtu.

Mwanzoni mwa 2021 alikamatwa njiani na watu waliovaa kiraia. Walimpekua wakamkuta na vitu viwili, laini ya simu ya Msumbiji na noti za metikali zimekunjwa kwenye kipande cha mfuko wa nailoni, ukizibadilisha zote hazifiki elfu ishirini ya kwetu. Huku mpakani hivyo ni vitu vya kawaida kabisa, mtu ana mteja ng'ambo, ana shemeji ng'ambo, mtandao wa kule unashika vizuri kuliko wa huku, pesa yao inapokelewa hata kwenye genge la nyanya. Ila kwa 2021 ule ulikuwa ushahidi.

Sasa sikilizeni alichoulizwa kwanza. Hakuulizwa bunduki iko wapi wala nani kakutuma. Aliulizwa "wewe ni mtu wa wapi?" Akasema wa hapahapa. Wakamwambia imba wimbo wa taifa. Akaimba ubeti wa kwanza, wa pili akachanganya maneno, na mimi nawauliza nyie mliosoma, ni wangapi hapa wanaumaliza bila kubabaika wakiwa wamesimamishwa juani na watu wenye silaha? Wakamwambia mtaje balozi wa nyumba kumi wa kwenu, akamtaja wa sasa, akamtaja na wa enzi za operesheni vijiji, akaeleza mpaka nyumba zilivyopangwa kwenye mstari mwaka 1974 na nani alikuwa jirani na nani. Haikutosha, maana anatamka ntoto badala ya mtoto, anasema nkono badala ya mkono, wakamwambia hicho Kiswahili cha Msumbiji. Wakuu, hicho Kiswahili ni cha Newala, cha Tandahimba, cha Mahuta, nchi nzima inakijua na kukiigiza kwenye vichekesho, ila siku hiyo kiligeuka alama ya ugeni.

Alikaa siku 23. Hatukujua yuko wapi, tulizunguka vituo mpaka nikazoea sura za watu wa mapokezi. Hakupelekwa mahakamani hata siku moja. Usiku wa siku ya 23 akaambiwa nenda, akatembea mpaka barabarani akasubiri gari la asubuhi. Baiskeli ilirudi baadae bila tenga na bila kengele. Na hiyo kengele mpaka leo hajanunua nyingine, akipita njia ya watu wengi anapiga mluzi.

Kitu kimoja ndo nataka mkiweke akilini: hakupewa karatasi. Hakuna karatasi ya kusema alishikwa, hakuna ya kusema kachunguzwa akaonekana safi. Ukimuuliza mtu yeyote leo, zile siku 23 hazipo.

---

Inaendelea.

Mwaka uliofuata mzee akasema basi ngoja nifuatilie namba ya NIDA, yani ya kitambulisho cha taifa, maana laini anayotumia ni ya kwangu, nilimsajilia kwa alama zangu za vidole kipindi kile cha kufunga laini Januari 2020. Tukaenda wote. Foleni, fomu, muhuri wa mtendaji, barua ya serikali ya mtaa, vyote tulikuwa navyo. Dirishani akaanza kuulizwa, baba alizaliwa wapi, babu mzaa baba alizaliwa wapi, kaburi lake liko wapi. Babu mzaa baba alivuka kutoka upande wa Mueda, Msumbiji, enzi za Mreno kuja kukata mkonge mashamba ya Lindi, hicho hakuna anayekificha. Upande wa mama ni wa huku tangu na tangu, makaburi ninayo, mikorosho ya bibi ipo, ila fomu haiulizi ukoo wa mama kwa uzito huo. Halafu likaja swali, "umeshawahi kushikiliwa kwa mambo ya usalama?" Mzee ni mkweli, akasema ndiyo, siku 23. Yule mtu akasimamisha kalamu. Fomu ikawekwa pembeni peke yake, siyo kwenye lile rundo la wenzake. "Mzee wewe faili lako litaangaliwa." Mpaka leo linaangaliwa.

Hapo ndipo mimi nilipoelewa. Zile siku 23 hazipo kwa kumsaidia, ila zipo kwa kumzuia.

---

Kuna mdau kaandika: "Mkuu unatetea magaidi. Ungekuwa Kitaya ile siku usingeandika haya."

Mdau, Kitaya tunaijua. Tarehe 14 Oktoba 2020, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, wale wapiganaji wa Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka mto wakaingia kijijini, wakaua watu, wakachoma nyumba. Sikusimuliwa na gazeti. Tulipokea watu hapa Chikongola wamekuja na watoto na magodoro kwenye bodaboda, mama mmoja alikaa kwetu wiki tatu alikuwa hawezi kulala taa ikizimwa. Vita yenyewe ilianza kule Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, halafu Machi 2021 wakaivamia Palma, ukisimama upande wetu wa mdomo wa Ruvuma Palma siyo mbali. Na kabla ya hapo tulishaona Kibiti na Rufiji, aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa mpigo, viongozi wa vijiji wakawa wanapigwa risasi mlangoni kwao. Kwahiyo asije mtu wa mbali akadhani huku tunaona ugaidi ni hadithi ya serikali. Ni kitu cha kweli na mimi nataka jeshi lile pale mtoni liendelee kuwepo.

Ndo maana inaniuma zaidi. Mtu wa Kitaya alikimbia wauaji, kesho yake anatazamwa kama ndugu wa wauaji kwasababu wanaongea lugha moja. Wamakonde tupo huku na huku, mto uliwekwa mpaka na Mjerumani na Mreno, sisi hatukuulizwa. Na mimi naamini kabisa, ukitaka habari za nani kavuka usiku, atakayekupa ni huyo mzee wa baiskeli. Ukishamfungia siku 23 bila maelezo, atakuambia nini tena? Akimuona mgeni porini atapita njia nyingine akanyamaza.

---

Sasa twende kwenye sheria maana wengi wanabishana bila kujua kilichoandikwa.

Sisi tuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi, namba 21 ya mwaka 2002. Ilikuja baada ya mambo mawili, mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar tarehe 7 Agosti 1998, pale Dar walikufa watu 11, halafu Septemba 2001 New York. Baada ya hapo dunia nzima ilikimbilia kutunga sheria, Marekani walipitisha ya kwao ndani ya wiki sita tu, Oktoba 2001. Nchi kama zetu zikafuata. Tatizo la hizi sheria karibu zote ni tafsiri ya neno lenyewe, ugaidi unaelezwa kwa upana kiasi kwamba kitendo kinachoweza kuidhuru nchi kwa uzito nacho kinaingia humo, na mwenye kuamua kwanza kama kinaingia ni yule anayekushika.

Ila mimi sitaki tukae sana kwenye tafsiri. Kisu chenyewe kipo kwenye dhamana. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kile kifungu kilichojulikana kama 148(5), ugaidi upo kwenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, pamoja na mauaji, uhaini, unyang'anyi wa silaha, utakatishaji fedha. Maana yake ukishaandikiwa tu hilo neno kwenye hati ya mashtaka, umeingia ndani, hakimu hata akikuonea huruma hana uwezo. Na mahakama ya chini haina mamlaka ya kusikiliza kesi yenyewe, kwahiyo hauruhusiwi kujibu kitu. Unapandishwa, kesi inatajwa, wakili wa serikali anasema upelelezi haujakamilika, unarudi. Wiki mbili tena. Upelelezi haujakamilika. Unarudi.

Watu walijaribu kukipinga kile kifungu. Mei 2020 Mahakama Kuu ikasema kinakwenda kinyume na Katiba, sisi tukashangilia, Agosti 2020 hiyohiyo Mahakama ya Rufani ikatengua, kikarudi kama kilivyokuwa. Na Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) imesema wazi ni marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka ithibitike. Nisaidieni, mtu aliyekaa rumande miaka sita bila kesi kusikilizwa, huyo ametendewa kama nani?

Mifano mnayo. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walifunguliwa mashtaka ya ugaidi mwaka 2014, wakasafirishwa kuja kushtakiwa Dar, wakakaa mpaka Juni 2021 viongozi wao Sheikh Farid Hadi na Sheikh Mselem Ali walipoachiwa baada ya DPP, yani mkurugenzi wa mashtaka, kufuta mashtaka. Hesabu mwenyewe, karibu miaka saba. Mtoto aliyezaliwa baba anaingia ndani alikuwa darasa la kwanza baba anatoka. Hakuna hukumu ya kusema wana hatia wala hukumu ya kusema hawana. Halafu Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, Julai 2021 kakamatwa Mwanza alikoenda kwenye kongamano la katiba mpya, akaunganishwa na wenzake watatu waliokuwa askari wa JWTZ, kula njama na kufadhili ugaidi, ikaenda mpaka tarehe 4 Machi 2022 DPP akasema hana nia ya kuendelea. Miezi saba na zaidi. Uwe unampenda Mbowe au haumpendi siyo hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba kesi ya Mbowe ilikuwa na mawakili wa nchi nzima, kamera mlangoni, mabalozi wa nje wamekaa ndani wanasikiliza. Mjomba wangu alikuwa na tenga la samaki.

---

Mdau mwingine kauliza: "Sasa uraia unaingiaje hapa? Ugaidi ni jinai, uraia ni uhamiaji, unachanganya mafaili."

Swali zuri na ndo sababu ya uzi wote. Kwenye karatasi ni mafaili mawili. Kwa mtu wa mpakani ni faili moja.

Angalieni wenzetu Uingereza wamefika wapi. Shamima Begum alizaliwa London, akakulia London, mwaka 2015 akiwa na miaka 15 akaondoka na wenzake wawili kwenda Syria kwa wale jamaa wa Dola la Kiislamu. Februari 2019 akaonekana kambini ana mimba, ndani ya siku chache waziri wa mambo ya ndani akamvua uraia, barua ikapelekwa kwa mama yake. Wakasema siyo kwamba hana taifa, eti kwa asili ya wazazi wake ana uraia wa Bangladesh. Bangladesh wakasema huyu siyo wetu, hajawahi hata kukanyaga kwetu. Amezunguka mahakama zao zote, 2021 Mahakama ya Juu ikamkatalia kurudi kupigania rufaa yake, 2024 ya Rufani ikamkatalia tena. Na 2022 wakaongeza kwenye sheria kwamba kuna mazingira waziri anaweza kukuvua bila kukuarifu kwanza. Yani unaweza ukawa umeshatoka kwenye orodha ya raia na wewe haujui bado unapanga foleni ya pasi.

Mimi simtetei Shamima, alichofuata kule ni uovu mtupu, wamshtaki, wamfunge. Ila angalieni ni nani anayeweza kufanyiwa hivyo. Siyo Mwingereza ambaye babu zake wote ni wa palepale, huyo akifanya ugaidi atafungwa kama raia. Anayevuliwa ni yule ambaye unaweza kumuonyesha kidole ukasema kwenu ni kule. Kosa lilelile, adhabu tofauti, kwa sababu ya babu. Wafaransa walijaribu hiyohiyo baada ya mashambulizi ya Paris 2015, rais Hollande akataka kuiweka mpaka kwenye katiba yao kwa wenye uraia pacha, waziri wake wa sheria Christiane Taubira akajiuzulu Januari 2016, miezi miwili baadae rais mwenyewe akaiacha. Kuna watu walikataa na ikakwama.

Sasa kwetu ni ngumu zaidi japo haionekani. Sisi mtu mzima haruhusiwi uraia pacha. Raia wa tajnisi, yani aliyeomba uraia akapewa, anaweza kuvuliwa kwa sheria ya uraia ya 1995. Raia wa kuzaliwa havuliwi. Mnaweza mkadhani hapo tuko salama. Ila kuna njia ya pili, hawakuvui, wanasema haujawahi kuwa. Mnakumbuka 2001, Jenerali Ulimwengu, mtu aliyekuwa mbunge, aliyekuwa mkuu wa wilaya, mwandishi nchi nzima inamsoma, siku moja serikali ikatangaza siyo raia, yeye na wenzake watatu akiwemo balozi. Ilibidi aombe uraia wa nchi aliyoitumikia. Kama mtu mwenye jina lile ilimkuta, mtu wa bondeni kule Ruvuma asiye na hata cheti cha kuzaliwa atasimama na nini? Na sheria ile inasema waziri halazimiki kutoa sababu za uamuzi wake. Haudaiwi sababu! Mimi nikiiba kuku nasomewa shtaka, nikiambiwa siyo Mtanzania sisomewi kitu.

Na maneno yenyewe ya sheria, ukiyasoma neno kwa neno, mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano baada ya Muungano anahesabiwa raia, wanaotolewa ni watoto wa wanadiplomasia na wa adui. Dirishani haiendi hivyo. Dirishani wanakurudisha mpaka kwenye kaburi la babu.

---

Dada mmoja wa Lindi kanijibu, nanukuu maana kanigusa: "Baba yangu kazaliwa Rutamba kambini. Tukiwa wadogo alikuwa anasimulia kwa fahari, walivyopokelewa, walivyopewa mashamba. Tangu mambo ya Kitaya ameacha kusimulia. Akiulizwa kwao anasema Mingoyo."

Dada pole sana, na hilo ndo jambo linaloniumiza kuliko hata sheria. Sisi kusini ndo tuliobeba ile vita ya ukombozi wa Msumbiji. Vita ilianza 1964, wakimbizi walipokelewa Rutamba pale Lindi, FRELIMO walifundishwa Nachingwea, wazee wetu waligawana nao mihogo na ming'oko, Mreno alikuwa anatupa mabomu mpaka huku kwetu. Kipindi hicho kuwa na babu wa ng'ambo ilikuwa heshima. Mwaka 2010 wakafungua Daraja la Umoja pale Mtambaswala, jina lenyewe Umoja, marais wawili wakakata utepe. Halafu 2021 watu wa Cabo Delgado wamekuja wanakimbia kuchinjwa, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likasema zaidi ya 9,000 walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano ndani ya miezi michache tu. Najua serikali ilikuwa inaogopa wauaji kujichanganya humo. Lakini uwachuje, wenye kosa washtakiwe, siyo kuwarudisha wanawake na watoto kwenye moto. Na dada, ukiona mzee wa miaka hiyo anaficha alikozaliwa, hapo ujue sheria imeshafanya kazi yake bila kumshika mtu.

Tena Wamakonde tunajua mwisho wa hii njia, kuna ndugu zetu Kenya, kule Kwale, mababu zao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge. Walikaa miaka themanini huko hawana kitambulisho, hawawezi kufungua akaunti, hawapigi kura, wakivua samaki wanakimbizana na polisi. Oktoba 2016 wakaamua kutembea kwa miguu kutoka Pwani kwenda Nairobi kumuona rais, na mwisho wa mwaka wakaanza kupewa vitambulisho, wakatambuliwa kabila la 43. Kwa mguu wakuu! Na hiyo ni nchi ambayo Aprili 2014, kwa jina la kupambana na ugaidi, iliwakusanya Wasomali maelfu Eastleigh ikawajaza uwanja wa Kasarani kuwapanga nani raia nani mgeni, wakiwemo Wakenya kabisa. Unaona lile swali linavyorudi, kabla ya "ulifanya nini" wanaanza na "wewe wa wapi".

---

"Kama huna kosa unaogopa nini?" Hii imeandikwa na wadau kama wanne hivi, nawajibu kwa mpigo.

Suleiman Abdallah Salim, Mtanzania, mvuvi wa Zanzibar. 2003 alikamatwa Mogadishu, akapelekwa kwenye magereza ya siri ya CIA Afghanistan. Aliwekwa kwenye giza na muziki mkubwa usiku na mchana, akafungwa minyororo, akamwagiwa maji ya baridi. Miaka mitano. 2008 wakamwachia na barua ya kusema hana hatari kwa Marekani. Hakushtakiwa kitu chochote. Aliwashtaki yeye wale wanasaikolojia wawili waliobuni yale mateso, 2017 wakamalizana kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Huyu hakuwa na kosa. Muulizeni alikuwa anaogopa nini.

Na nawapa upande wa pili ili msiseme nachagua. Khalfan Khamis Mohamed, huyu naye Mtanzania, na huyu alihusika kweli na bomu la Dar, alipatikana na hatia. 1999 alikamatwa Cape Town, Afrika Kusini wakamkabidhi kwa Wamarekani harakaharaka. 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema serikali yake imekosea, haikutakiwa kumtoa bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Alikuwa hata siyo raia wao, mgeni, na mkono wake una damu, na mahakama ikasema hata huyu ana haki. Kule New York hakunyongwa, akapewa kifungo cha maisha. Haki zake ziliheshimiwa na bado yuko gerezani. Kwahiyo msiniambie ukimpa mtuhumiwa haki gaidi atakimbia.

Ninachotaka mimi ni vitu vidogo tu wala sijaomba sheria ifutwe. Upelelezi uwekewe ukomo, ukipita mtu asikilizwe au aachiwe. Dhamana aamue jaji akiangalia mtu na ushahidi, siyo neno lililoandikwa juu ya hati. Anayeshikwa na kuachiwa apewe karatasi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, kwamba hakukutwa na kosa, karatasi moja tu yenye muhuri. Na mtu akikataliwa uraia aandikiwe sababu aende nazo mahakamani, na ukoo wa mama uhesabiwe sawa na wa baba, maana huku kwetu ndo unaojulikana.

---

Sasa ile safari. Tumeambiwa faili la mzee linaweza kusogea kama tutaleta mtu mzima wa kuapa kwamba anamjua tangu utotoni, ambaye siyo ndugu. Wengi wameshatangulia. Ila amepatikana mwalimu mstaafu, yuko Tandahimba, alimfundisha mzee darasa la tatu na la nne, macho hayaoni vizuri ila akili imetulia. Nilimpigia simu jana nikampa mzee waongee. Mwalimu akamuuliza jambo moja tu, "wewe ndo yule uliyekuwa unakaa karibu na dirisha la upande wa mbuyu, uliyevunjika mkono?" Mzee akasema ndiyo mwalimu, na akanyoosha mkono wenyewe pale sebuleni kama vile mwalimu anauona. Umepinda mpaka leo.

Kesho saa kumi na moja tunaondoka, tukitoka kwa mwalimu tunaenda kula kiapo. Naomba kama kuna mtu humu ana ndugu aliyesoma au kufundisha shule za msingi za kando ya Ruvuma miaka ya 70, au anajua rejista za zamani za shule zilihifadhiwa wapi baada ya halmashauri kugawanywa, anicheki inbox. Hata picha ya ukurasa mmoja inatosha. Mwalimu anasema majina aliyaandika kwa mkono wake, kwa wino wa bluu, na la mzee lilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa pili.